CherryTree kwenye laptop ya RAM 4: miezi minane napanga madesa ya risechi

Wakuu, mi naandika tasnifu ya masters kuhusu wakulima wa alizeti Singida, na mpaka namaliza fildi madesa yangu yalikuwa yametapakaa kila kona, mengine kwenye daftari, mengine Word, mengine nimejitumia mwenyewe WhatsApp usiku nikiwa gesti. Supavaiza akiuliza yule mzee aliyelalamikia madalali yuko wapi, natafuta nusu saa jasho linanitoka.

Nikaanza kusaka programu ya kupanga nondo kwa matawi, yani kichwa, chini yake vijichwa, chini yake tena vingine, na kila kimoja unakikunja na kukikunjua utakavyo. Masharti yangu mawili tu, iwe bure na isile bando. Ya kwanza niliyojaribu, jina naliacha, ilikuwa nzuri kwa macho balaa, sema ukishaandika vipengele kadhaa inaanza kuomba kadi ya benki, nikaifuta siku hiyohiyo. Afu nikaingia Org-mode, ile aliyoianzisha Carsten Dominik mwaka 2003, inayokaa ndani ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi. Hiyo sina ugomvi nayo, kila kitu ni maandishi matupu, nyota moja kichwa kikubwa, nyota mbili kidogo, ukibonyeza Tab inakunja. Lakini kuijua Emacs ni kozi nyingine kabisa na mi ada ya hii niliyonayo yenyewe sijamaliza.

Ndo nikaangukia CherryTree. Bure, ipo ya Windows na ya Linux, na kwenye kilaptop changu cha mtumba inafunguka bila kukohoa. Kushoto una mti, kulia unaandika. Sura yake ya kizamani, tusidanganyane. Ila madesa yote yanakaa kwenye fail moja, la kwangu linaishia na .ctb, unalikopi kwenye flashi umemaliza.

Kilichonikamata ni kuhamisha matawi. Mwanzo nilipanga mahojiano kwa vijiji, baadae nikaona utamu haupo kwenye vijiji, upo kwenye hoja: mbegu, bei, madalali, mashine za kukamua. Kwenye Word ningekata na kubandika mpaka macho yaume. Huku unasimama kwenye tawi, unashika Shift na mshale, linapanda, linashuka, linaingia ndani ya jirani yake na watoto wake wote nyuma. Jioni moja umeme umekatika, chaji imebaki asilimia 30, nikaipangua sura ya nne yote nikaipanga upya kabla laptop haijazima. Na yule mzee wa madalali siku hizi nampata kwa Ctrl+Shift+F tu, inapekua matawi yote kwa mpigo.

Ubaya upo. App yake rasmi ya simu hamna, so fildi bado ni daftari kwanza. Afu matawi unaweza kuyapaka rangi na kuyawekea vipicha, mi hapo nilipoteza wiki nzima napamba mti, tasnifu haijasogea hata aya moja.

Na kuna ujinga nilioufanya mwenyewe. Nilikuwa na kopi kwenye flashi na nyingine kwenye laptop, siku moja nikabandika ile ya zamani juu ya mpya. Nilikaa nimeduwaa. Kuja kuchungulia folda nikakuta mafail mengine matatu yenye jina lilelile ila mwishoni yana kialama cha ~, kumbe kabla ya kuseva huwa inaacha kopi ya nyuma. Nikachukua ya karibuni, nikafuta hicho kialama kwenye jina, ikafunguka, nilichopoteza ni maelezo ya mkulima mmoja tu na daftari lake nilikuwa nalo. Sasa hivi nimeiseti ijiseve kila dakika 5, na flashi anakaa nayo mke wangu, nikiitaka lazima kwanza nijieleze naenda kukopi nini juu ya nini.