Kompaundi na mikwaruzo ya gari: inatoa ipi, inaacha ipi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nina kompaundi mbili, yaani dawa za kusugulia rangi ya gari: hii ya kopo, nzito kama ugali wa jana, na hii ya chupa, Meguiar's Ultimate Compound ya mililita 450. Gari ni IST nyeusi, na rangi nyeusi haimfichii mtu siri. Mlango wa nyuma umechorwa na matawi ya miparachichi ya njia za shambani kule Rungwe. Boneti nayo imejaa vimstari vya duara, zawadi ya matambara ya kuoshea.

Elewa kwanza: kompaundi haizibi mkwaruzo. Inasaga klia, yaani vanishi angavu iliyo juu ya rangi, pembeni mwa mkwaruzo mpaka ilingane na kina chake. Klia ya kiwandani ni mikroni 40 hadi 50 hivi, na ukishaisaga hairudi.

Pima kwa kucha. Ikatishe juu ya mkwaruzo. Isipokwama, kompaundi inatosha. Ikikwama kidogo, anza na msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, taratibu. Ukiona praima (rangi ya kwanza iliyo chini kabisa) au bati, mpelekee fundi rangi, usimalize kopo bure. Sasa tazama hapa mlangoni nikimwaga maji: mchoro wa juu umepotea, wa chini umebaki mweupe. Huo wa chini usiuahidi chochote.

Osha gari, kausha, weka kivulini. Baridi ya Mbeya ya Juni inadanganya: upepo unakutetemesha, lakini saa sita boneti nyeusi imeshachemka na kompaundi inakaukia juu yake. Na kiangazi usifanyie kazi barabarani kule Mwanjelwa. Vumbi likiingia kwenye sponji, nalo linageuka kompaundi, tena ya ovyo.

Bandika tepu ya karatasi kwenye raba, plastiki nyeusi na kingo za mlango. Kingoni klia huwa nyembamba, ndiko watu wengi wanakotobolea.

Kwa mkono: matone manne ya ukubwa wa harage kwenye sponji, eneo la sentimita 50 kwa 50, si mlango mzima. Paka kwanza, ndipo usugue kwenda na kurudi, kisha juu na chini, dakika moja hadi mbili, ukilegeza mkono mwishoni. Futa kwa mikrofaiba safi. Kwa mashine, chagua ile inayozunguka huku ikiyumba. Ile ya kuzunguka tu inakata haraka, lakini ukiituliza sehemu moja inaunguza rangi, na bampa la plastiki ndilo la kwanza kulia.

Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama. Kama gari lina klia, ujue umeshaimaliza. Ila pikapu za zamani zilizopigwa rangi bila klia, hizo kitambaa kitachafuka tu, ni kawaida yake. Gari lililopigwa rangi upya mtaani nalo liogope, klia yake huijui unene.

Usiamini mng'ao wa kwanza. Mafuta ya kompaundi yanafunika vimstari. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, halafu mulika kwa tochi ya simu kwa pembeni. Mnaona? Upande niliosugua kwa kompaundi ya kopo umekata haraka, mchoro umeondoka, lakini umeacha ukungu. Bila polishi laini haupeleki gari kwa mwenyewe. Upande wa kompaundi ya chupa umechukua mizunguko mitatu, na uko karibu na kumaliza. Kwa mtu wa kazi ya mkono nyumbani, mimi nampa chupa. Kopo libaki kwa fundi mwenye mashine na polishi ya kufuatia.

Malizia na waksi, maana eneo hili sasa halina kinga yoyote juu yake. Ule mchoro wa chini umefifia tu, na nauacha hapo hapo. Poda nyeupe iliyoingia kwenye raba, itoe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni kabla haijakauka.