Tiketi ya Dar es Salaam kwenda London: Upitie Wapi?

Umbali wa angani kati ya Dar es Salaam na London ni takriban kilomita 7,500, ambao ndege moja ingeumaliza kwa saa 10 hivi. British Airways iliacha safari zake za moja kwa moja kati ya miji hii mwaka 2013, na kwa kawaida msafiri wa leo hubadilisha ndege njiani. Kwa hiyo, pamoja na kiti, ananunua mzunguko na muda wa kusubiri, na hivyo viwili ndivyo nilivyovitumia kupanga njia hizi.

Ya kwanza ni Nairobi. Kilomita 670 za kufika huko na 6,840 za kwenda London hazizidi sana njia iliyonyooka. Utaruka kwa saa moja na dakika 20 hivi, kisha kama saa 9. Udhaifu wake ni kwamba ndege za Nairobi kwenda London ni chache kwa siku, hivyo msafiri aliyeachwa na moja huenda akalala hapo.

Addis Ababa inafuata kwa karibu, ikiwa na jumla ya takriban kilomita 7,660: karibu saa 3 hadi Addis, kisha kama saa 8.

Istanbul nimeiweka ya tatu, ingawa mwenye haraka ya mkutano au mtihani anaweza kuipa nafasi ya kwanza. Jumla inakaribia kilomita 8,000, lakini kutoka hapo zipo ndege nyingi za London kila siku, na kuikosa moja si lazima kukugharimu usiku mzima.

Doha na Dubai ni za mwisho kwa sababu zinakupeleka mashariki kabla ya kukurudisha magharibi. Safari inapita kilomita 9,000, yaani kama saa 6 na kisha saa 7 au zaidi, bila kuhesabu kusubiri. Ningezichagua pale tu nauli inapopungua kwa kiasi cha maana, au msafiri anapotaka kushuka Dubai kwa biashara zake.

Njia yoyote utakayochagua, nunua safari nzima katika tiketi moja. Mwenye tiketi mbili tofauti akichelewa kuunganisha, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumtafutia kiti kingine. Wakati wa kurudi, ndege zinazoondoka Uingereza zinalindwa na sheria ya huko: kwa safari inayozidi kilomita 3,500, ukifika ukiwa umechelewa kwa saa 4 au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, unaweza kudai fidia ya pauni 520.

Usihesabu muda wa safari kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kwani London iko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Soma tarehe pia kwa makini, hasa sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili: ndege ya 01:10 tarehe 12 huondoka saa saba na dakika kumi usiku wa kuamkia tarehe 12, na anayefika uwanjani jioni ya tarehe hiyo atakuta wenzake wameshatua London.