Niliambiwa Niimwagilie: Mipungate Yangu ya Minneapolis

Mipungate mitatu, yaani dungusi wenye mashina bapa, kati ya minne niliyoinunua katika duka moja la miche hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, imekufa, na ninaomba msomaji asikimbilie kusema kwamba imeuawa na baridi, kwa maana kila ninayemsimulia kisa hiki husema hivyo kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Imeuawa na maji. Maji hayo niliyamwaga mimi kwa mkono wangu, nikifuata agizo la mwanamume wa kaunta ambaye alinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye simu yake. Katika maoni haya kuhusu duka hilo, bei na ukubwa wa makopo sitavieleza, kwani vimeandikwa kwenye lebo kwa yeyote atakayefika pale. Ninataka kueleza neno moja tu, "mwagilia," na hasara liliyonitia.

Nikiri kwanza kwamba nilikuwa mteja wa ajabu. Nimezaliwa Nanyuki, Kenya, na kwetu Laikipia hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua mpungate. Nilipompigia Mama simu kumpa habari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umenunua? Kwa pesa?" Nikamjibu ndiyo, Mama. "Basi mwanangu, ungetuambia tukujazie lori." Ana haki ya kucheka. Upande wa Laikipia Kaskazini mpungate umemeza malisho, mbuzi wanajeruhiwa midomo kwa miiba yake, na tembo na nyani wanaokula matunda yake humwaga mbegu kila wanakopita, mpaka ikabidi waletwe wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wake ili kuupunguza. Hata hivyo, mipungate ile isingemaliza Januari moja ya huku. Niliyoinunua mimi ni ya aina nyingine: mitatu ilikuwa Opuntia humifusa, ambao hutambaa chini badala ya kusimama, na mmoja ulikuwa Opuntia fragilis, kijimmea kidogo chenye mabapa yaliyovimba mfano wa viazi, ambayo hukatika ukiyagusa tu na kusafiri yakiwa yamenasa kwenye manyoya ya wanyama. Huo wa pili huota porini hadi kwenye bonde la Mto Peace, mbali sana kaskazini mwa Kanada Magharibi. Kwa hiyo sikuwa nimenunua ndoto. Nilinunua mimea inayoijua theluji kuliko ninavyoijua mimi.

Kiangazi cha kwanza sina neno. Miche ilikuwa na afya, haikuwa na kovu wala kidonda, na kwa hilo duka linastahili sifa ambayo ninaitoa kwa shingo upande. Niliipanda mbele ya nyumba kwenye tuta nililoliinua kidogo, nikachanganya mchanga kiasi, nami nikadhani nimemaliza kazi. Kitu pekee kilichonitesa wakati ule ni vile vimiba vidogo vinavyokaa kwa vishada kwenye kila jicho la bapa, vyembamba kama unywele na vyenye ndoana nchani, ambavyo glavu za kawaida za bustani hazivizuii hata kidogo. Miiba mirefu unaiona na kuikwepa, lakini hivi huvioni mpaka vimekwisha kuingia. Nilivitoa kwa kibano, vingine nikavipaka gundi nyeupe ya watoto wa shule, nikaiacha ikauke na kuibandua pamoja navyo. Ukinunua mpungate, nunua na kibano siku hiyo hiyo.

Majani ya miti yalipoanza kupukutika, mipungate yangu ilianza kunywea. Mabapa yaliyokuwa manene na ya kijani kibichi yalisinyaa, yakapata mikunjo kama ngozi ya mzee, yakageuka rangi ya zambarau iliyopauka na kulala chini kabisa, kana kwamba mtu ameyakanyaga. Niliogopa. Nilipiga picha, nikang'oa bapa moja lililokuwa limelegea zaidi nikalitia kwenye mfuko wa karatasi, nikaendesha gari hadi dukani, nikapanga foleni nyuma ya watu waliokuja kununua maboga ya Halloween, na zamu yangu ilipofika nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa kama huku ni kuugua au ndivyo mmea huu unavyofanya.

Yule bwana alilitupia bapa jicho moja. "Lina kiu. Mwagilia."

Nikamwambia kwamba mvua zilikuwa zimenyesha vya kutosha, na kwamba nilikuwa nimesikia dungusi hawapendi maji wakati wa baridi. Hapo ndipo aliponiuliza ninatoka wapi. Nilimjibu Kenya. Akacheka, si kicheko cha mtu aliyefurahi, akasema, "Afrika? Basi wewe ndiye unayepaswa kunifundisha mimi habari za dungusi, huko kwenu si jangwa tupu?" Watu wawili nyuma yangu walicheka pamoja naye. Kisha akarudia, polepole, kama anayemsemesha mtoto au kiziwi: "Maji. Mengi. Kabla ardhi haijaganda."

Nilikwenda nyumbani nikamwagilia. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko kicheko chenyewe, kwamba nilidhalilishwa na bado nikatii. Kwa muda wa wiki tatu hivi niliinywesha ile mipungate jioni baada ya jioni, na kweli ilivimba tena ikapendeza, nami nikaanza hata kumtetea yule bwana moyoni mwangu: pengine ni mkorofi lakini anaijua kazi yake. Theluji ikaja ikaifunika. Ilipoyeyuka mnamo Machi, nilishika bapa la kwanza likaachia mkononi mwangu bila kuvutwa, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na shinani palitoka harufu ambayo sitaieleza kwa wanaosoma wakila. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, ule mdogo wa fragilis ambao wataalamu wameupima ukastahimili zaidi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ulikuwa uji. Wa nne ulikuwa na mizizi iliyooza upande mmoja, lakini kipande kimoja kilinusurika.

Niliyojifunza baadaye yangeweza kuelezwa pale kaunta kwa dakika moja. Mpungate wa nchi za baridi hunywea kwa makusudi. Siku zinapopungua na usiku unapopoa, huyaachia maji yake, na utomvu unaobaki ndani, wenye sukari na ule utelezi wake, huwa mzito kiasi kwamba barafu hujiundia nje ya chembe hai badala ya kuzipasua kutoka ndani. Kunywea kule nilikokuona kama kufa ndiko kulikokuwa kinga yake. Kuujaza maji mwezi wa Oktoba ni kumvua mtu koti na kumsukuma nje. Kisha ardhi ya huku huganda hadi chini, na theluji inapoyeyuka juu, maji hayana pa kwenda; hutuama shinani siku nyingi, na hapo ndipo uozo huingia. Ndiyo maana waliofanikiwa huipanda kwenye mteremko au tuta la juu, ndani ya mchanga mwingi na changarawe, mahali penye jua la kusini, wala hawaipi mbolea. Miche ya duka hili ilikuwa imepandwa kwenye mboji nyeusi inayoshika maji kama sifongo, na hakuna aliyeniambia niioshe kwenye mizizi kabla ya kupanda. Labda hapo na mimi nina kosa, kwa sababu niliiona na sikuuliza. Ila nilipouliza lile jingine mnajua nilijibiwa nini.

Na kuhusu lile neno la jangwa. Dungusi ni mimea ya bara la Amerika. Ukiacha aina moja inayoning'inia mitini, yote iliyoko Afrika ilipelekwa na watu, na mpungate wa Laikipia ni mgeni aliyekaribishwa kama pambo na ua la boma, akageuka janga. Ilhali hapa Minnesota, anakofanyia kazi bwana yule, mpungate ni mwenyeji. Kiangazi kilichofuata niliendesha gari zaidi ya saa tatu hadi hifadhi ya Blue Mounds, karibu na mji wa Luverne kwenye pembe ya kusini-magharibi ya jimbo, nikaiona kwa macho yangu imeota kwenye nyufa za mwamba mwekundu, si mbali na malisho ya nyati wa Kimarekani, bila mtu wa kuimwagilia. Nilisimama pale nikatamani ningekuwa naye ili nimuulize nani amfundishe nani.

Nilirudi dukani na mabaki kwenye ndoo, kwa kuwa risiti ilikuwa na dhamana ya mwaka mmoja. Nilimkuta yeye yule. Hakunikumbuka. Alitazama ndani ya ndoo, akarudisha kichwa nyuma kwa harufu, akasema dhamana haihusu mimea hii kwa sababu, na haya ni maneno yake, "umezidisha maji." Nilimwambia ni nani aliyeniambia nizidishe. Alijibu kwamba mtu wa duka lao hawezi kumwambia mteja jambo la kipuuzi namna hiyo. Mwanamke kijana aliyekuwa akipanga mbegu pembeni aliniangalia kwa huruma, akanifuata nje hadi kwenye gari na kuniomba radhi, akanieleza kwa sauti ya chini habari za changarawe na mteremko. Kama yeye ndiye angekuwa kaunta siku ile ya kwanza, maoni haya yangekuwa ya nyota tano na mistari mitatu. Lakini hakuwa yeye, kwa hiyo nimetoa nyota moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalonivurugia hasira. Bapa lile nililolipeleka dukani kwenye mfuko wa karatasi nililitupa kwa ghadhabu siku ile ile kwenye kokoto zilizo chini ya upenu wa gereji, upande wa kusini, ambako mvua haifiki vizuri na theluji huwahi kuyeyuka. Sikulipanda. Sikulimwagilia. Lilitoa mizizi lenyewe, likapita majira mawili ya baridi, na mwaka huu mwezi wa Juni lilifungua ua la manjano lenye kung'aa kama nta. Kila ua hudumu siku moja tu, kwa hiyo nilichelewa kazini. Nyuki alipoingia, zile nyuzi za chavua zilijikunja zenyewe na kumzunguka, na nilipojaribu kwa ncha ya unyasi zikafanya vivyo hivyo. Nilikaa pale kwenye kokoto kama mtoto. Nilimtumia Mama picha, akanijibu kwa neno moja: "Ng'oa."

Kwa hiyo nimepandisha nyota hadi tatu, maana mche wenyewe haukuwa wa udanganyifu, na aliyeukuza anastahili chake. Nilipokuwa nikiandika aya ile ya ndoo nilizishusha tena hadi mbili. Bado ninautaka ule mdogo wa fragilis, na duka jingine lenye nao liko mbali. Nimempigia simu yule dada wa mbegu, akaniambia kwamba bwana wa kaunta hupumzika Jumanne. Nitakwenda Jumanne.