Dismaland kwa pauni 3: maonyesho ninayopimia mengine yote

Tangu nihamie Uingereza nimeingia maonyesho mengi ya wachoraji wakorofi na watu wa grafiti, na bado sijaona la kuipiku Dismaland, maonyesho ya Banksy, msanii wa grafiti wa Uingereza anayeficha utambulisho wake, yaliyofanyika Weston-super-Mare, mji wa ufukweni, mwaka 2015. Ilifungwa zamani na hairudi. Naiandikia kwa sababu naona watu wakiulizana kama inafaa kulipa hela nyingi kuingia haya maonyesho yanayozunguka miji mikubwa yakiwa na jina la Banksy mlangoni, mengi yao bila hata idhini yake. Ukijua aliyoyafanya mwenyewe, utajua pa kuweka pesa yako.

Tiketi ilikuwa pauni 3. Ndani kulikuwa na kazi za wasanii 58, na yalidumu wiki tano tu, kuanzia tarehe 21 Agosti mpaka 27 Septemba. Mahali penyewe ni Tropicana, bwawa la kuogelea la ufukweni lililofunguliwa mwaka 1937 na kufungwa 2000, likabaki gofu. Banksy, ambaye utotoni alikuwa akiletwa mji huu majira ya joto, aliligeuza kuwa bustani ya michezo ya watoto iliyoharibika makusudi, kejeli ya Disneyland: ngome ya kifalme iliyochakaa, bwawa lenye maji machafu, wahudumu walionuna kana kwamba wamelazimishwa kazi. Wakati wa matayarisho wenyeji waliambiwa kuna filamu inapigwa, wakaamini.

Nilikwenda na binamu yangu aliyekuwa amenitembelea kutoka Mombasa. Mlangoni tulipita kwenye ukaguzi uliotengenezwa na Mmarekani Bill Barminski. Mashine ya kupitishia mizigo, kamera, vifaa vyote vya walinzi, kila kitu ni kadibodi nyeupe iliyochorwa mistari myeusi. Walinzi walikuwa watu wa kweli, na walituhoji kwa ukali. Wazungu waliotutangulia walicheka sana. Binamu hakucheka. Wiki mbili kabla alikuwa amesimama mbele ya afisa wa uhamiaji akiwa na kila karatasi, na bado mikono ilimtetemeka. Kazi ile ya kadibodi ilimrudisha pale pale, na hapo nikajua tumeingia mahali pa maana.

Lakini kilichonifanya nisiyasahau maonyesho haya ni kidimbwi cha maboti.

Ni mchezo wa kawaida wa maeneo ya ufukweni huku: unatia sarafu, unashika usukani, boti dogo linakwenda majini. Maboti haya yalijaa watu. Vinyago vidogo vimebanana bega kwa bega, nyuso zimeelekea mbele, na pembeni miili mingine inaelea kifudifudi. Kati yao linazunguka boti la doria. Mashine ilitengenezwa kiasi kwamba huchagui unaendesha lipi. Inakubadilishia yenyewe, sasa wewe ni mkimbizi, sasa wewe ni askari. Mbele yetu mtoto wa kama miaka minane alikuwa akiongoza boti la wakimbizi kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje. Ghafla likasimama na la doria likaanza kumtii. Akamgeukia baba yake, akauliza sasa afanye nini. Baba akamwambia aendelee tu kuendesha.

Kumbuka ulikuwa ni mwezi ule ule ambao picha ya mtoto wa Kisyria aliyekufa maji kwenye ufukwe wa Uturuki ilizunguka dunia nzima. Na kabla ya picha hiyo, Waeritrea na Wasomali walikuwa wakizama Mediterania miaka na miaka. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya familia kungoja habari za chombo kisichofika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mengine nayataja kwa haraka. Farasi wa kuzunguka wa watoto, mmoja ameninginizwa kichwa chini, na chini yake mchinjaji mwenye nguo nyeupe amekalia maboksi ya lazanya; yeyote aliyekuwa Uingereza mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogunduliwa kwenye vyakula vya madukani, alielewa bila kuambiwa. Kijiji kidogo cha mfano cha Jimmy Cauty, usiku, taa za buluu zinawakawaka, raia wote wametoweka na waliobaki ni polisi tu. Duka la Darren Cullen la kukopesha watoto kwa dhamana ya pesa zao za matumizi: Wakenya wenzangu mnaoamka na ujumbe wa kudaiwa mkopo wa simu, hili mngelisimamia na kulitazama sana.

Wachoraji wa turubai hawakumezwa na mitambo, na hilo nalisifu. Mhispania Paco Pomet anachora kama picha za kale za rangi moja, kisha anatia kitu kimoja kisichotakiwa kuwepo, na jicho linakwama hapo hapo. Jeff Gillette anachora mitaa ya mabanda, mabati juu ya mabati, na katikati wanachomoza wahusika wa katuni na majumba ya Disney. Binamu alisogea karibu akaanza kuangalia jinsi mabati yalivyoungwa. Akasema huyu amekaa akayatazama, hakubuni.

Udhaifu upo. Farasi wa pembe moja wa hadithi (unicorn) wa Damien Hirst ndani ya tangi la dawa ya kuhifadhi hakunishtua hata kidogo. Kazi ya tajiri mkubwa wa sanaa haikuwa na ugomvi na mtu. Na sikuona jina hata moja kutoka Afrika Mashariki, ilhali miaka mitatu kabla, Nairobi, Boniface Mwangi na vijana wa grafiti akina Bankslave na Swift9 walikuwa wamewachora wabunge kama tumbusi kwenye ukuta katikati ya jiji. Ule ulikuwa ujasiri wa mtu anayeishi na anaowachora, wala hakukuwa na tiketi. Kazi kama ile ingeongeza uzito Weston.

Ukorofi wa kweli ulitokea hata dhidi ya waandaaji. Shadi Alzaqzouq, msanii wa Kipalestina, alifunika kazi zake kwa shuka na kulala chini kupinga kushirikishwa kwa wasanii wa Israeli. Nilisoma habari hiyo kabla ya kwenda, na iliniongezea hamu: ukikusanya watu wa kupinga, lazima wengine watakupinga na wewe.

Maonyesho yalipofungwa, mbao na vifaa vyake vilipelekwa Calais, Ufaransa, vikajengewa vibanda vya wakimbizi waliokwama wakitaka kuvuka kuja huku. Mwaka 2018 moja ya yale maboti likatolewa kuchangisha pesa za wakimbizi: unalipa pauni 2, unakisia uzito wake, atakayekaribia analichukua.

Baadaye niliingia mojawapo ya maonyesho yale ya kuzunguka, nikalipa mara kadhaa ya bei ya Weston. Picha zilichapishwa vizuri, fremu safi, duka la fulana kubwa kuliko chumba cha mwisho. Binamu aliniuliza kwa simu kama kulikuwa na maboti. Nikamwambia hakuna, asihangaike kuja.