Prime95 kwenye laptopu kuukuu hapa Lamu: nyota nne, moja nimeikata kwa joto

Nimekaa na hii programu wiki saba sasa hapa Langoni nikaona niandike mawili matatu. Ni ya bure. Kazi yake kutafuta namba tasa kubwa (tasa ni ile isiyogawika ila kwa 1 na yenyewe), zile za kuzidisha 2 kwa 2 kwa 2 mara nyingi halafu ukatoa 1. Mradi wenyewe waitwa GIMPS, uko tangu 1996, wewe watoa kompyuta tu, wapewa namba yako uipime.

Na si kubahatisha ati. Hizo 2 ziwe ngapi? Idadi yake lazima nayo iwe tasa, la sivyo usianze, na hata ikiwa tasa waweza kukosa vilevile. Chukua 2 kumi na moja, zidisha, 2048, toa 1 yabaki 2047, ukiitazama wasema hii haigawiki, kumbe ni 23 mara 89. Sasa cheki hapo: 23 ni 22 na 1, 89 ni 88 na 1, yani kila kinachoigawa ukikipunguza 1 chagawika kwa 22, mara mbili ya 11. Programu yachujia hapohapo kabla ya kupima kwenyewe, haisumbuki kujaribu kila namba. Siku nilipoishika hiyo nilicheka peke yangu usiku wa manane wallahi.

Shida ni joto. Feni yavuma kutwa kucha, laptopu huwezi kuipakata, na kaskazi hii na jua lake ndo usiseme. Mamangu kapita akauliza "mwanangu, hiyo yapika nini?" nikamwambia natafuta namba tasa. "Tasa? Maskini, Mungu aijaalie."

Stima nayo ilipotea mara tatu, nikasema basi kazi imekwenda na maji, lakini kila nusu saa hivi yajihifadhi yenyewe, ikiwaka waendelea ulipofikia. Hapo nawapa heko.

Jibu langu baada ya wiki sita: si tasa. Mstari mmoja tu kwenye skrini, hata pole hakuna! Ile tasa kubwa kuliko zote zilizopatikana hadi naandika, ya kuzidisha 2 kwa 2 hadi zitimie 2 136,279,841 halafu ukatoa 1, aliipata Luke Durant wa Marekani Oktoba 2024, na yeye alitumia maelfu ya GPU (zile chipu za picha zenye kasi) za kukodi nchi 17, sasa sisi wa laptopu moja si tuko na mtumbwi twafukuza meli. Ina tarakimu 41,024,320, ukienda kuiprinti sayba tarakimu 4,000 kwa ukurasa, bob kumi kumi, ni zaidi ya laki moja. Kikompyuta lakini, yani ukiiandika kwa 0 na 1 tu, ni 1 tupu, 136,279,841 zimefuatana bila sifuri hata moja, kama tasbihi isiyo na fundo.

Ukitaka kujaribu punguza kori (zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) ziwe mbili, washa usiku dirisha likiwa wazi, na usiiweke juu ya godoro. Mimi nimeshapewa namba ya pili, iko asilimia 6.