Bawasiri: fedha yako iende wapi kwanza, ukiwa Tanga

Ukipanda basi pale stendi ya Kange, kabla dereva hajaliwasha atapanda kijana mwenye begi, asimame katikati ya viti, atoe salamu na kuinua chupa juu. Inatibu tumbo, mgongo, ngiri, nguvu za kiume. Akifika kwenye bawasiri hushusha sauti kidogo, na hapo utaona baadhi ya abiria wanageukia dirishani. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilisubiri ashuke, nikashuka nyuma yake kana kwamba naenda kununua maji, nikalipa bila kuuliza kilichomo.

Kilikuwa kimiminika cha rangi ya chai isiyo na maziwa. Usiku nikapaka kwa pamba. Asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka, na kwa siku nne nilishona nguo za watu nikiwa nimesimama, nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wale wanaogeukia dirishani. Nimevipanga vitu kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi mwenyewe laiti ningejua mapema.

Kabla ya kununua chochote

Malipo ya kwanza yawe ya kuangaliwa. Kila binadamu ana vimto laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, vinavyosaidia kuiziba. Vikivimba na kulegea ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Ya nje huwasha na kuuma. Ya ndani mara nyingi haiumi kabisa, unaona tu damu nyekundu mbichi inadondoka chooni au imepaka juu ya kinyesi.

Ya ndani ina madaraja manne, na daraja ndilo linaloamua ununue nini. La kwanza hutoa damu lakini nyama haitoki nje. La pili hutoka unapojikamua, kisha hurudi yenyewe. La tatu hairudi mpaka uisukume kwa kidole. La nne hairudi hata ukiisukuma. Ukitoka kwa daktari bila kujua lako ni lipi, rudi ukamuulize.

Tena si kila damu ni bawasiri. Mpasuko mdogo wa ngozi hutoa damu pia, na maumivu yake ni kama wembe kila unapokwenda haja. Kichocho cha tumbo hutoa damu. Saratani ya utumbo mpana hutoa damu, na wengi hupakwa dawa ya bawasiri miezi na miezi huku saratani inakua ndani. Kama umefika miaka 45, au choo kimekuwa cheusi kama lami, au unakonda bila sababu, au mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, au kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani hiyo, usinunue tyubu ya dawa ya kupaka. Nenda ukapimwe.

Kwa sisi wa mjini, Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Anzia hapo au kituo cha afya cha karibu. Aliyenipima mimi alikuwa binti wa rika la mwanangu. Aliniamkia, akasema, "Mzee wangu, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti kuelekea kifuani, halafu pumua taratibu." Akavaa glovu, akapaka mafuta, akapima kwa kidole, kisha kwa kibomba kifupi chenye taa. Ilikwisha kabla sijamaliza kuona haya.

Nafasi ya kwanza: soko

Najua mtu mwenye maumivu hataki kuambiwa mchicha. Lakini tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwenye chakula hupunguza uwezekano wa kuendelea kutoka damu kwa karibu nusu. Hakuna tyubu niliyowahi kununua iliyonifanyia hivyo.

Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 35 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina gramu 11 hivi, kwa hiyo yule mama anayeuza mbaazi za nazi asubuhi anakuuzia theluthi ya dawa yako. Shida ni maandazi mawili ya unga mweupe unayoyasindikiza nayo. Maharage, kunde, kisamvu, matembele, mapera, ugali wa dona badala ya sembe: vyote vipo Makorora na Mgandini, na havihitaji cheti.

Halafu machungwa. Tunaishi jirani na Muheza, tunakula machungwa kwa wingi, na tunayala vibaya. Tunamenya kwa kisu, tunakata kofia, tunafyonza maji, kisha tunatupa makapi yote. Nyuzinyuzi zimo kwenye makapi hayo. Lile jeupe linalobaki chini ya ganda na zile ngozi za vipande, tafuna umeze. Mimi sasa nalimenya kwa vidole na kula kipande kwa kipande, na wajukuu wameniiga.

Ongeza polepole, wiki baada ya wiki, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha. Kunywa maji, lita mbili hivi kwa siku na zaidi kipindi cha kaskazi. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo amuulize daktari wake kwanza kuhusu kiasi cha maji.

Chakula kisipotosha, nunua isabgol, yale maganda meupe mepesi yanayouzwa famasi na kwenye maduka ya viungo ya Wahindi. Anza na kijiko kidogo kimoja kwa siku. Koroga kwenye glasi nzima ya maji na unywe papo hapo, kwani ukichelewa inakuwa uji mzito, kisha fuatisha glasi nyingine. Usiinywe kavu, inaweza kukukaba koo. Ipe wiki sita kabla ya kuihukumu. Kama unatumia dawa nyingine, ziachanishe kwa saa mbili.

Nafasi ya pili: beseni na kigoda

Beseni pana unaloweza kukalia, maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya haja. Maji matupu yanatosha. Watu wanatia dawa za kuua vijidudu, na ngozi iliyovimba inaungua. Ukimaliza, jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Kuchamba kwa maji kama tulivyozoea pwani ni heri kwako kuliko karatasi ngumu.

Kigoda ni kwa mwenye choo cha kukaa: weka miguu juu yake, magoti yapande juu ya nyonga, na haja itatoka bila kujikamua. Usizidishe dakika tano chooni, na simu ibaki chumbani. Haja ikikubana itii. Mimi niliizuia miaka mingi kwa sababu ya mteja aliyesimama barazani akisubiri suruali.

Nafasi ya tatu: kufunga mpira

Hii ndiyo watu wengi hawaijui, wanadhani ukitoka kwenye tyubu kinachofuata ni kisu. Daktari anaivuta bawasiri ya ndani kwa kifaa na kuivisha kipete kidogo cha mpira kwenye shina. Damu inakatika, nyama inanyauka, na ndani ya siku 5 hadi 10 inadondoka yenyewe pamoja na choo. Inafaa daraja la pili na la tatu, na la kwanza linalokataa kuacha kutoa damu. Haihitaji nusu kaputi wala kulazwa, kwa kuwa sehemu ile ya juu haina hisia ya maumivu kama ngozi ya nje.

Nilichosikia mimi ni mlio mdogo kama kifungo cha chuma kinapobanwa, kisha hisia ya kutaka kwenda haja iliyokaa mpaka jioni. Kesho yake nilikuwa kwenye cherehani, nimekaa.

Nisikufiche kasoro yake. Hurudi. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 49 katika kila 100 waliofungwa mpira walipata dalili tena au kuhitaji matibabu zaidi ndani ya mwaka mmoja; wengine kati yao walihitaji kufungwa mara ya pili tu. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza kama ni ya kikao kimoja au ya matibabu yote, na kama bima yako inalipia. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema. Ukishafungwa, homa, maumivu yanayozidi au mkojo kugoma ni safari ya hospitali usiku huohuo. Bawasiri ya nje haifungwi mpira. Kama huduma haipo hapa mjini, omba rufaa. Hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi, ni pa kuulizia.

Kuna pia sindano ya kukausha mishipa, ya daraja la kwanza na la pili. Ni nzuri, ila matokeo yake hayadumu sana.

Nafasi ya nne: tyubu na vidonge

Dawa za kupaka zenye ganzi na haidrokotisoni hutuliza muwasho na maumivu, basi. Haziondoi bawasiri. Usizidishe wiki moja bila kuambiwa na daktari, maana haidrokotisoni ni steroidi, na steroidi hukondesha ngozi. Vidonge vya diosmini na hesperidini vinaweza kupunguza damu wakati imechachamaa. Kwa maumivu meza paracetamol, ukae mbali na kodeini na tramadol, kwa kuwa hufunga choo.

Kisu

Hiki sikukipa namba. Kwa daraja la nne, au la tatu lililoshindikana, ndicho kinachofaa, na kukaa miaka ukisukuma nyama kwa kidole si ushujaa. Upasuaji wa kukata ndio wenye uwezekano mdogo zaidi wa bawasiri kurudi. Maumivu yake ni makali, hasa choo cha kwanza, na kupona huchukua wiki mbili hadi nne. Upasuaji wa stepla, yaani wa kifaa kinachokata na kubana kwa pini ndogo, huuma kidogo siku za mwanzo, lakini utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 777, wa mwaka 2016 pia, ulikuta waliokatwa kwa njia ya kawaida wana hali bora zaidi baada ya miaka miwili. Ukiuziwa stepla kwa sababu tu ni ya kisasa, uliza maswali.

Uvimbe wa nje unaotokea ghafla, wa buluu na wenye maumivu makali, huwa ni damu iliyoganda. Ukifika hospitali ndani ya siku tatu unaweza kutolewa. Baada ya hapo kwa kawaida hunywea wenyewe.

Mitishamba

Bibi yangu alitibu kwa ukwaju, na ukwaju hulainisha choo kweli. Mafuta ya nazi hutuliza ngozi. Sanamaki husukuma choo kwa nguvu na msokoto wa tumbo. Siku moja mbili si neno, kila siku ni balaa. Utomvu wa njano wa shubiri ni vivyo hivyo. Mjamzito asiguse sanamaki, shubiri wala mafuta ya mbarika, aulize kliniki. Dawa ya chupa iwe na namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na viambato viandikwe.

Chochote kinachoahidi kukausha, kuchoma au kukata kwa dawa, usinunue hata ukipewa nusu bei.

Na kama foleni ya famasi ni ndefu na jirani yuko nyuma yako, fanya nilivyofanya mimi. Andika kwenye karatasi: "Bawasiri ya ndani, daraja la pili, naomba isabgol." Mpe dada wa dirishani. Ataisoma, atakupa, na hatatamka neno.