Tahadhari: muuzaji wa vifaa vya kusafishia faiba za skana, Lubumbashi

Ndugu mafundi wa radiolojia wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuna mtu anayezunguka na mkoba mweusi akiuza vifaa vya kusafishia vichwa vya kebo za faiba (nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga), na ninawaomba msimpe hata faranga moja.

Alinikuta kazini katika wiki zile skana yetu, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilipokuwa inakatiza uchunguzi katikati na daktari mkuu haachi kunipigia simu. Aliniamkia kwa heshima, akaniita papa, kisha akaitaja mwenyewe, bila kuulizwa, kebo inayotoka kwenye gantri, ile sehemu ya mviringo anamopita mgonjwa, kwenda kwenye kompyuta inayounda picha. Alisema tusichungulie kichwa cha kebo kwa jicho, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kuliumiza. Alisema vizibo vya plastiki navyo hubeba vumbi. Alisema tukague, tusafishe, kisha tukague tena kabla ya kuchomeka. Yote hayo ni kweli, na ndivyo tulivyofundishwa. Mtu akikwambia kweli tatu mfululizo, utaishuku vipi ya nne?

Akatoa hadubini ndogo yenye skrini, akachomeka kipande cha kebo alichokuja nacho, nikaona duara la kijivu lenye madoa meusi yaliyokifunika kiini, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga. Akasukuma kalamu ya kusafishia kwenye kichwa kile mpaka ikalia “tak”, akairudisha kebo kwenye hadubini, na duara likatokea safi, halina hata alama. Akanipa kalamu nijaribu mwenyewe mbele ya msaidizi wangu, na matokeo yakawa yale yale. Tukalipa dola 120 kwa kalamu mbili, pakiti ya vitambaa na chupa ya alikoli ya isopropili iliyoandikwa asilimia 99.

Tulisafisha vichwa vyote jioni ile. Asubuhi skana haikumaliza hata kujipima. Ilitangaza kwamba mawasiliano ya faiba yamekatika. Kijana aliyegongwa na pikipiki alikuwa amelala kwenye machela mlangoni, na ndugu zake wakalazimika kumbeba kwa teksi kumpeleka kwingine huku wakiniuliza mimi ni fundi wa nini. Maneno mengine waliyosema siyaandiki hapa.

Tuliazima hadubini kwa fundi mmoja wa mitandao ya simu. Kuzunguka kiini palikuwa na utando mweupe uliokauka, na juu yake umelala uzi wa kitambaa. Kiini cha kebo ile kina upana wa mikromita 50, na katika kebo za aina nyingine ni 9 tu, kwa hiyo chembe usiyoweza kuiona kwa macho inatosha kuuzuia mwanga. Kalamu tulipozifungua, tulikuta tepe ya kusafishia ya ndani iliyokwisha kutumika na kuviringishwa upya. Tulikuwa tunahamisha uchafu kutoka kichwa hadi kichwa. Viwili vimekwaruzika na haviwezi kusafishwa tena.

Huyu si mfanyabiashara, ni mwizi anayewaibia wagonjwa. OCC, ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa, wamnyang'anye mzigo wote, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, imfungulie kesi, na fidia ya kebo itoke mfukoni mwake. Akiachwa kwa faini tu, wiki ijayo atakuwa kwenye mlango wa hospitali nyingine.

Dalili zilikuwepo. Picha ya hadubini ya kweli hucheza ukiigusa kebo, lakini ile ya kwake ilitulia tuli, na kitufe cha hadubini alikibonyeza yeye kila mara, kana kwamba anabadilisha picha zilizohifadhiwa humo. Alikataa tukague kebo yetu, akidai betri inakwisha. Tone la alikoli yake, likikauka juu ya kioo safi, huacha duara jeupe, dalili kwamba si safi. Risiti haina anwani.

Aliyekwisha kununua asitumie wala asitupe kitu. Alete chupa na kalamu tuviambatanishe na malalamiko yetu. Mara ya mwisho ameonekana Kampemba, hapa Lubumbashi, akisema anakwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kupokea mzigo mpya.